Vyungu vya Mdomo Upande

Niliolewa Ikombe nikiwa sijui kufinyanga hata kisahani cha kunyweshea kuku. Kwetu Ndandalo mwanamke alipimwa kwa migomba yake na kwa usafi wa ua, na katika hayo mawili sikuwa na mpinzani. Najisifu mwenyewe kwa sababu waliokuwa wakinisifu wamekwisha kufa. Lakini kijana niliyempenda alikuwa mvuvi wa Kikisi, mrefu, mcheshi, aliyekuja upande wetu kuuza vyungu vya mama yake. Aliponiona akili ilimruka, akaniuzia mtungi mzima kwa ulezi wa nusu mtungi. Mama yake alipopata habari alikasirika kuliko ambavyo angekasirika kama tungetoroka.

Maana ufukweni kule bei ya chungu ilikuwa moja, na bado ni hiyo kwa wenye adabu. Ukitaka chungu, unakijaza. Unaleta maharagwe, ulezi, mahindi, chochote ulichovuna, unamimina mpaka mdomoni, muuzaji anakwambia tikisa, unatikisa, nafaka inashuka, unaongeza. Kisha unamwaga vyote kwenye kikapu chake na chungu kinakuwa chako. Chungu kikubwa, chakula kingi. Chungu kidogo, chakula kidogo. Mama mkwe wangu aliishika kanuni hiyo kwa mikono miwili. Hakuwa mchoyo, nataka lieleweke, lakini hakuwahi kutoa chungu bure wala chakula bure, na neno "tikisa" alilitamka kwa sauti iliyosikika mpaka mitumbwini.

Alikuwa mjane, mfupi, mwenye ulimi wa pilipili, na hapakuwa na mfinyanzi wa kumfikia. Chini ya mdomo wa kila chungu alichora mistari miwili kwa unyasi, na katikati yake nukta za ncha ya kidole. Ukivaa kitambaa machoni ukapitisha dole gumba pale, unajua ni chake. Chungu kilichopinda hakikutoka uani mwake. Kilipondwa, kikalowekwa, kikarudi kuwa udongo. Kwa hiyo tangu niolewe nilikuwa nafinyanga donge lilelile. Asubuhi nalikalisha juu ya gae, nalitoboa kwa ngumi, napandisha kuta huku nazungusha gae kwa mkono wa kushoto, na kabla ya mchana mdomo umelala upande. Mama mkwe anakuja, anatazama, anaguna, anakiminya kwa kiganja kimoja.

"Mwanangu kaoa migomba," anasema, na wanawake wote wa uani wanacheka. Nami nilicheka. Nilikuwa na furaha siku zile, kusema kweli. Nilikuwa na mume anayeimba akitengeneza nyavu, na samaki wa kunitosha, na ziwa mlangoni.

Sasa nifike kwenye moshi.

Vita vya Maji Maji havikufika kwetu. Vilikuwa huko nyuma ya milima, Upangwa na Ungoni, na watu wa bondeni kwetu hawakuingia. Watu wa huko walipokwisha kushindwa kwa bunduki, askari wa Mjerumani hawakurudi nyumbani. Walichoma maghala. Walichoma mashamba yakiwa yamekomaa, wakafukua na mbegu, ili waliobaki wamalizwe na njaa bila kupoteza risasi. Mume wangu alikuwa akitoka na mtumbwi mpaka maji ya kina, akigeuka anaona milima ya kusini inafuka mchana kutwa, na msimu wa kuchoma majani ulikuwa haujafika. Akirudi anatuambia. Tunasema, "Maskini wale," tunaendelea kukanda udongo.

Mwaka ule bondeni walivuna vizuri. Nalisema hili kwa sababu ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mahindi yalijaa, ndizi zilikatika mikungu, harusi zilifuatana. Nilikwenda Ndandalo kumsalimu shangazi yangu, tukaketi barazani tunamenya ndizi, nikamweleza habari za moshi. Akaniambia, "Tushukuru Mungu upepo unavuma kwenda huko." Hakuwa mtu mbaya. Shangazi yangu angekuvulia nguo yake ukikutwa na mvua. Lakini alikuwa na njia ya kusema "huko", na watu wote bondeni walikuwa na njia hiyohiyo, na wengine waliongeza kwamba wale wameyataka wenyewe. Siku hizi wajukuu wanapouliza, wazee wenzangu wanajibu kwamba hatukujua. Mtu akisema hivyo mbele yangu namwuliza pua yake ilikuwa wapi. Moshi ule ulinuka nafaka.

Yule mama alishuka mlimani mchana, jua likiwa kali, sote tuko uani. Mtoto mgongoni, chungu kichwani. Alikuwa amekonda kiasi kwamba nguo ilionekana kutembea yenyewe, lakini alikuja wima, akapita katikati yetu bila kuomba njia, akakitua chungu mbele ya mama mkwe wangu.

"Mama, hiki ni chako," akasema. Alisema kwa Kipangwa, na mama mkwe alikijua, nasi wengine kidogo, kwa kuwa Wapangwa walikuwa wateja wake tangu ujana.

Mama mkwe akapitisha dole gumba chini ya mdomo. "Ni changu. Kimepasuka?"

"Hakijapasuka. Nakiuza."

"Unamwuzia chungu mfinyanzi?"

"Nilikijaza maharagwe, ukanipa. Sasa kijaze, nikupe."

Wanawake waliangua kicheko. Mama mkwe hakucheka. Alikigeuza chungu huku na huku, macho yamemkaa vizuri, na mimi niliyemzoea nikajua amefurahi. Mtu amekuja kubishana naye kwa kanuni yake mwenyewe.

"Kina masizi," akasema. "Kimetumika. Hakiwezi kuwa na bei ya kipya."

"Kipya kinavuja mpaka ukipikie uji uzibe matundu. Hiki nimekwisha kukupikia. Kwa haki ungeniongeza."

"Mdomo umelika hapa."

"Umelika kwa kijiko chako mwenyewe, ulinipa zawadi siku ile kwa kuwa nilitikisa vizuri."

Ndipo nilipoona kwamba mkono wake mmoja umeshika nguzo ya kibanda. Mtoto mgongoni alikuwa anatazama samaki wangu waliokuwa wanakauka uchagani. Nilitaka kusema kwa jina la Mungu mpeni mwanamke huyu akae. Mama mkwe alikuwa ameona kabla yangu. Aliingia ndani, akatoka na kikapu cha mahindi, akakijaza kile chungu mpaka mdomoni, akakishika kwa mikono yake akakitikisa, akaongeza, akatikisa tena, akaongeza. Sijawahi kuona mtu akijipunja kwa ukali vile.

"Sasa kaa," akamwambia. "Biashara imekwisha. Sasa wewe ni mgeni."

Alipokwisha kula uji, taratibu, kijiko kimoja yeye na kimoja mtoto, mama mkwe alimwuliza wenzake wako wapi. Akatueleza. Mume wake alikufa vitani, na ghala lilichomwa yeye akitazama kutoka kichakani. Watu walikula mizizi, kisha ngozi. Wengi walikuwa wanakaa huko juu kwenye mapango, wanajua ziwani kuna chakula, na hawashuki.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Wanasema, tutashuka na nini mkononi? Watu wa milimani hatujazoea kuomba. Mimi nilikuwa na chungu." Akamgeukia mama mkwe. "Na wasio na chungu chako je, mama?"

Mama mkwe aliinuka. Aliniambia nikatandike mkeka. Lakini swali lile lilikaa ndani ya nyumba ile kama mtu wa sita, na nililiona likimfuata mama mkwe mpaka kwenye udongo wake.

Alibaki kwetu. Haikuwa jambo dogo, kwa maana boma walikuwa wametoa amri: mtu wa milimani akishuka ziwani ni mtoro wa vita, mwanamke kwa mwanamume, akamatwe arudishwe kambini kwao, na atakayemficha, ghala lake litafuata yale ya kule. Kila mtu alijua waliorudishwa hawaonekani tena. Kwa hiyo tukakubaliana uani kwamba ni binti wa dada yake mama mkwe, kaolewa mbali, kafiwa na mume, karudi. Tulimfundisha kusalimu Kikisi. Na kwa kuwa kila mwanamke wa pale alifinyanga, tukamkalisha kwenye gae.

Hapo ndipo furaha yangu ilipozidi. Jamani, yule mama alikuwa hajui kabisa. Vyungu vyangu vililala upande. Vyake vilikaa chini vikakataa kuinuka. Alikuwa na mikono ya jembe, anakaba udongo utadhani utamkimbia. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilipata mtu wa kumwelekeza, nikawa namwambia "lainisha kidole, dada" kwa sauti ya mama mkwe, naye anakitazama chungu changu, ananitazama mimi, tunacheka mpaka tunashika mbavu. Mama mkwe alipita akasema Mungu ameona adhabu ya mkwe mmoja haimtoshi, akamletea wa pili.

Mtoto alijifunza haraka kuliko wote wawili. Alikuwa na umri wa kuanza kusema vizuri, na lugha aliyoisikia kutwa ilikuwa ni ya mama mkwe wangu akigombeza watu. Kwa hiyo Kikisi chake chote kilikuwa cha kugombeza. Ukimpa samaki anakwambia umechelewa. Nilimpenda mno.

Askari walikuja kwa mtumbwi asubuhi, ombasha mmoja, mkubwa wao, na wenzake wachache. Mtu wa sokoni alikuwa amewaambia Ikombe kuna mgeni. Ombasha alikuwa mtu wa mbali, mwenye buti na masharubu, anasema Kiswahili cha pwani ambacho sisi wanawake tulikuwa hatukijui bado. Mume wangu aliyewahi kubeba mizigo ya boma ndiye aliyetafsiri. Tuliitwa sote uani. Akatutazama mmoja mmoja. Wanawake wembamba walikuwa wengi, na yule mama kwa uji wa mama mkwe alikuwa amekwisha kurudisha mwili kidogo. Hakuweza kujua.

Basi akafikiri, na akafikiri vizuri, nampa haki yake. Akaketi juu ya kinu kilichofudikizwa, akasema: "Nimeambiwa Mkisi anazaliwa anafinyanga. Kila mwanamke achukue udongo. Asiyejua, huyo ndiye tuliyemfuata."

Mume wangu alitafsiri akiwa ametazama chini. Yule mama alikuwa kando yangu, na nilimsikia akivuta pumzi asiitoe. Mtoto alikuwa amekaa miguuni pa mama mkwe, na wote wawili, mama na mtoto, uhai wao ulikuwa ndani ya donge la udongo ambalo yule mama hakuweza kuliinua.

Tukakaa kwenye magae yetu. Mama mkwe alichukua donge lake, akalipiga, akalitoboa kwa ngumi, akaanza kupandisha. Kuta zilipanda nyembamba, sawasawa, za kupendeza, kama siku zote. Kisha nikaona dole gumba lake linasukuma pasipotakiwa. Ukuta mmoja ukanenepa. Mwingine ukaingia ndani. Mdomo ulipofika juu akaulaza upande, taratibu, kwa uangalifu uleule aliotumia siku zote kuunyoosha. Jasho lilimtoka. Alikuwa anafanya kitu ambacho mikono yake haikuwahi kufanya tangu apewe udongo na mama yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemeza dawa.

Jirani yake akaona. Akatazama chungu chake kizuri, akakisukuma kwa kiwiko. Aliyefuata akaona. Ikazunguka uani, mwanamke kwa mwanamke, bila mtu kuinua kichwa. Wengine walikuwa wamekwisha kununa kwamba yule mgeni atatuletea balaa, walikuwa wamesema hadharani arudi alikotoka. Nao nilitazama mikono yao ikiharibu. Midomo ikalala, matumbo yakavimba upande mmoja, na cha yule mama kikakaa katikati ya vile kimejikunyata, hakuna cha kukitofautisha.

Isipokuwa changu. Sijui niseme nini. Mimi, niliyefinyanga donge moja tangu harusi, siku ile kwa hofu sikuwa natazama mikono yangu. Nilikuwa natazama buti za ombasha. Nilipoinamisha macho, mbele yangu kulikuwa na chungu. Kimesimama. Kuta sawa, mdomo wa mviringo, mzuri kabisa, chungu cha kwanza kizuri cha maisha yangu, na kilikuwa peke yake katika ua mzima. Ombasha alikuwa anainuka kwenye kinu.

Mama mkwe akainuka pia, akilalamika mgongo, akajifanya anapita kuchukua maji. Alipofika kwangu akayumba, akakiegemea chungu changu kwa kiwiko chote na uzito wa mwili wake. Kikabonyea ubavuni mpaka mdomo ukafunga jicho moja.

"Leo ndio umejifunza," akaninong'oneza kwa meno yaliyofungwa. "Leo."

Ombasha akapita. Akasimama mbele ya kila chungu. Alipofika kwa mama mkwe alikiinua kile chake, kikaning'inia upande mmoja mkononi, na akaanza kucheka. "Hawa ndio wanaosifiwa mpaka boma?" Wenzake wakacheka. Akamwinamia mtoto, akamwuliza kwa utani kama na yeye anafinyanga. Mtoto hakuelewa Kiswahili. Aliona tu buti iko juu ya udongo, akamkazia macho, akasema kwa Kikisi, kwa sauti ya mama mkwe isiyopungua chochote, "Toa mguu wako kwenye udongo wangu, mtu asiye na adabu."

Mume wangu akasogea mbele. "Anasema karibu tena, bwana," akatafsiri.

Walichukua kuku wetu na samaki wangu wa uchagani, wakaondoka. Mtumbwi ulipozunguka mwamba mtu mmoja akatazama chungu cha jirani yake akaanza kucheka, na ua mzima ukafuata. Tulicheka mpaka tukalia. Yule mama wa milimani alilala kifudifudi udongoni, anacheka na kulia pamoja, na wale waliokuwa wamenuna ndio waliomwinua. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi anatazama vile vyungu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuviponda nivirudishe kwenye maji, kama kawaida. Akanizuia. "Acha," akasema. Akavikausha kivulini. Akavikwangua matako, akavisugua kwa kokoto mpaka vikang'aa, kila kimoja, vyote vya ua mzima. Akachukua unyasi akavichora chini ya mdomo ile mistari yake miwili na nukta zake, hata cha yule mama kilichojikunyata. Changu tu hakukichora. Alinipa mimi unyasi. "Chora chako," akasema, na sikuwa na alama, kwa kuwa sikuwahi kuihitaji, kwa hiyo nikachora jani la mgomba. Akavichoma pamoja na vizuri. Wanawake walisema uzee umeingia.

Vilipopoa alitutwika. Tulipanda njia ya mlimani sisi watatu, yeye mbele, mpaka pale inapogawanyika chini ya mwamba na mtu anayeshuka lazima apite. Akavipanga pale, midomo juu, kwa kadiri ilivyoweza kuwa juu. Nikamwuliza anafanya nini. Akamwonyesha yule mama kwa kidevu.

"Huyu aliniuliza kitu," akasema. "Watashuka na nini mkononi. Basi, na hivi."

Yule mama alikaa chini pale pale njiani, akafunika uso kwa nguo yake. Mimi nilisimama tu na kata yangu kichwani, na nilimpenda mama mkwe wangu siku ile kuliko nilivyowahi kumpenda mwanawe.

Yule mama alipanda peke yake mpaka mapangoni kuwaambia. Nao wakaja. Walikuja asubuhi, wawili wawili, kutoka mapangoni, kila mmoja na chungu cha mdomo upande kichwani, wakiwa wamenyooka. Mama mkwe hakumwachia hata mmoja bila kubishana. Chungu kina masizi. Hakina, mama, ni kipya. Kimepinda. Ndivyo ulivyokifinyanga, mama. Hapo anapitisha dole gumba, na mwanamke yule ambaye hakuwahi kukubali chungu kibaya kiitwe chake anasema mbele ya watu wote, "Ndiyo, ni changu." Anakijaza. Anatikisa. Wanakula, wanapumzika, mume wangu anawavusha kwa mtumbwi kwenda kwa jamaa wa ng'ambo, ambako amri ya boma haikufika. Na vile vyungu kesho yake tunavipandisha tena mlimani.

Chakula kilitoka wapi? Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Nilichukua vyungu vizuri vya mama mkwe nikaenda navyo bondeni. Ombasha alikuwa amekwisha kueneza habari. Kila soko nililofika walinicheka: macho ya mama mkwe wako vipi, mikono imemfa ganzi? Ndugu zangu wa Ndandalo walinitania mpaka wakaishiwa. Nilinyamaza, na kumweleza mtu nilishindwa, maana maneno sokoni hayana mlango. Mama mkwe naye alipoulizwa alijibu kwamba amezeeka, na jibu lile lilimuuma, nililiona. Lakini vyungu vilikuwa vizuri na watu walivitaka. Wakavijaza. Nikasema tikisa. Shangazi yangu alijaza mitungi mikubwa miwili ya mahindi, akitikisa mwenyewe, akinisimulia tena jinsi tulivyo na bahati mambo ya huko hayatuhusu.

"Ongeza kidogo, shangazi," nikamwambia. "Hapa pembeni pamebaki."

"Ndaga fijo," nikamshukuru kwa lugha ya kwetu aliponikabidhi, na nilimaanisha.

Mvua zilipokuja yule mama alirudi kwao kupanda, na mbegu ndani ya chungu chake cha zamani. Mtoto aliondoka anatugombeza. Hatukuwashusha wote. Milima ile ni mikubwa, na mwamba wetu ulikuwa kwenye njia moja. Wanaopita mapangoni mpaka leo wanakuta mifupa. Nikilikumbuka hilo kicheko changu kinakatika, kisha kinarudi, kwa sababu nimeona pia nyuso za walioketi uani petu wanalamba vijiko.

Nakumbuka asubuhi moja kuelekea mwisho. Nilikuwa ufukweni napasua samaki nikasikia naitwa. Uani alikuwa amesimama bibi mmoja mzee, peke yake, mguu umefungwa majani, na mbele yake chungu. Mama mkwe alikuwa anakipapasa. Kilikuwa kimebonyea ubavuni, upana wa kiwiko.

"Hiki si changu," mama mkwe alikuwa amekwisha kusema, na bibi yule alikuwa ameanza kuinama akichukue. "Ngoja. Mwenyewe yuko. Mkwe wangu, njoo utazame."

Nilifuta mikono kwenye nguo. Wanawake wote walikuwa wameacha magae yao. Nilipitisha dole gumba chini ya mdomo, nikalikuta jani la mgomba. Sikuwahi kuuza chungu, na hakuna aliyewahi kuniletea changu. Nilitaka kubishana kidogo kama inavyotakiwa, niseme kimebonyea, lakini yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Ni changu," nikasema.

Nikaleta mahindi ya shangazi, nikamimina mpaka mdomoni. Nikainua macho. Mama mkwe alikuwa ananitazama, mikono kiunoni.

"Tikisa," akasema.

Nikatikisa, nikaongeza.